Kalamu ya kukereza kwa mikono

Hapa Goma kalamu tunaiita biki, hata kama si ya Bic. Jina limetoka kwa Marcel Bich, Mfaransa, aliyeanza kuuza kalamu yake ya bei ndogo mwaka 1950. Mtoto wa masomo anaipoteza asubuhi, mangaribi anaomba nyingine, mzazi anakasirika. Lakini kuna watu, zaidi kule Marekani na Uingereza, ambao wakitoka kazini wanajifungia na vyombo vyao na kutengeneza kalamu wenyewe, moja kwa jioni moja, juu ya kujifurahisha tu.

Wanafanya namna gani? Wananunua kijiti cha akriliki, plastiki ngumu yenye rangi za kuchanganyika sawa jiwe la pambo. Kina pande nne, upana kama sentimita 2, urefu kama 13. Wanakikata vipande viwili, na katikati ya kila kipande wanatoboa tundu la milimita 7. Fasi hiyo inaomba uvumilivu. Ukitoboa kwa haraka akriliki inapata moto, inayeyuka na kushika chuma, ao inapasuka kule chuma kinapotokea, na kijiti kimeharibika. Basi unatoboa kidogo, unatoa chuma, unaacha ipoe, unaendelea. Ndani ya tundu wanabandika mrija wa shaba ya manjano, ile shaba iliyochanganywa na zinki.

Kisha vipande vinafungwa kwenye mashini ya kukereza, ile ya fundi tunayemwita tourneur. Kijiti kinazunguka mbio, mtu anakisogezea patasi polepole, kona nne zinaondoka na umbo linaonekana. Nyuma ya hapo ni msasa, kwanza ule mkali, halafu laini, halafu laini zaidi pamoja na maji, mpaka king'ae sawa kioo. Maji yanazuia vumbi pia, maana vumbi la plastiki si la kuvuta. Na miwani ya kukinga macho ni lazima.

Sasa, ndugu mchimbaji, sikiliza. Fundi awe hodari namna gani, kuna kitu kimoja hawezi kukereza: kale kachuma kadogo ka mviringo kanakozunguka kwenye ncha na kuleta wino. Hako anakanunua tayari, pamoja na mrija wa wino. Tangu mwaka 1961 kale ka Bic si ka chuma cha kawaida tena, ni wolframu iliyounganishwa na kaboni, ngumu sana, isiyolika upesi kwa kusuguana na karatasi. Na wolframu inatoka katika wolframiti, lile jiwe jeusi na zito linalochimbwa hapa kwetu Kivu pamoja na kasiteriti na koltani. Kuna baba wanaobeba gunia la jiwe hilo mgongoni, na bado mtoto anarudishwa nyumbani kwa kukosa daftari na biki. Jambo hilo linaniumiza.

Je, kijana wa kwetu afanye kazi hii? Ya akriliki, hapana. Vijiti, mirija, mashini, vyote vinatoka mbali, na franga ya chakula haitafutiwi njia ya kutoka nyumbani. Lakini miti tunayo. Wachongaji wa chukudu wanaacha vipande vya mkaratusi chini kila siku. Chukua kimoja kilichokauka vizuri. Toboa kwanza, chonga nyuma, kwa sababu ni rahisi kuchonga mti kufuata tundu, lakini tundu halifuati umbo hata siku moja. Likienda upande, kipande kiingie mbabula, uanze kingine. Tundu liwe la kipimo cha mrija wa wino wa biki, na mbele ulipanue kidogo ili ncha ikae. Chonga kwa kisu, paruza kwa kipande cha chupa (vidole mbali, tafadhali), sugua na msasa, paka mafuta kidogo. Wino ukiisha, unavuta mrija na kuingiza mwingine. Mti ni ule ule.