UFAFANUZI KUHUSU HATI YA MADAI YA KODI KWA WENYE NYUMBA ZA KUPANGISHA

Wananchi wenye nyumba za kupangisha, Unguja na Pemba, wanakumbushwa kwamba mapato yatokanayo na nyumba hizo yamo katika kodi ya mapato, hata kama mwenye nyumba hana biashara nyengine yoyote. Hutokea mtu akapokea hati ya madai ya miaka iliyopita bila ya kuitarajia, akafadhaika, kisha akaifungia kabatini. Maelezo haya yanabainisha asili ya madai hayo na hatua zinazopasa kuchukuliwa.

Katika lugha yetu neno "kodi" hubeba maana mbili: fedha ambayo mpangaji humlipa mwenye nyumba, na fedha ambayo mwananchi huilipa Serikali. Ndiyo maana wako wanaodhani kwamba, kwa kuwa wao ni wapokeaji wa kodi, hawawi tena walipaji. Hapa chini fedha ya mpangaji itaitwa ijara, ili mambo mawili yasichanganyike.

Kodi ya mapato ni jambo la Muungano. Hutozwa kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 na hukusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA), iliyochukua nafasi ya Bodi ya Mapato Zanzibar mwaka 2022, husimamia kodi zisizo za Muungano. Kwa hivyo aliyepokea hati aangalie kwanza imetoka mamlaka ipi, ni ya kodi gani, na ni ya mwaka upi. Risiti ya kodi moja haifuti deni la kodi nyengine.

Aghalabu madai huanzia kwa mpangaji. Mpangaji akiwa ni kampuni au mfanyabiashara, sheria inamtaka azuie asilimia 10 ya ijara anayomlipa mkaazi wa nchi na kuiwasilisha TRA. Kwa mfano, ijara ikiwa ni shilingi 600,000 kwa mwezi, mwenye nyumba hukabidhiwa shilingi 540,000, na shilingi 60,000 hupelekwa TRA. Kwa mwaka mzima kodi iliyozuiwa ni shilingi 720,000. Mwenye nyumba ana haki ya kupewa cheti cha zuio hilo. Asipokidai, huenda akatakiwa kulipa fedha ambazo zimekwisha katwa katika ijara yake.

Jambo jengine linahusu nyumba za urithi. Ni kawaida kaka mkubwa kutia saini mkataba, kupokea ijara, kisha kuwagawia ndugu zake kila mmoja fungu lake. Katika maandishi, hata hivyo, jina ni lake peke yake, na madai yote humwangukia yeye. Inafaa mkataba utaje warithi wote, na mgao wa kila mara uandikwe na kutiwa saini. Hati ya mirathi pamoja na maandishi hayo ndiyo yatakayomtetea, na ndiyo yatakayozuia ndugu kutiliana shaka.

Asiyekubaliana na makadirio asinyamaze. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, pingamizi hupelekwa kwa Kamishna Mkuu kwa maandishi, pamoja na sababu zake, ndani ya siku 30 tangu kupokea hati. Ni vyema tarehe ya kupokea iandikwe juu ya hati siku hiyo hiyo. Aliyekuwa safarini au mgonjwa anaweza kuomba kwa maandishi aongezewe muda.

Pingamizi huambatana na malipo ya kiasi kisichobishaniwa au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa zaidi. Madai yakiwa shilingi 3,000,000, naye akakiri shilingi 600,000 tu, atalipa kwanza shilingi 1,000,000. Akikiri shilingi 1,400,000, atalipa hizo. Asiyeweza kutoa kiasi hicho anaweza kumwomba Kamishna Mkuu ampunguzie au amsamehe sharti hilo, akieleza sababu.

Na anayekubali deni lakini hana uwezo wa kulilipa kwa mkupuo mmoja, aombe kwa maandishi alipe kwa awamu. Kuchelewa bila ya maombi huzidisha riba, na deni dogo huwa kubwa.

Mwisho, wenye nyumba wanashauriwa kuhifadhi mikataba, risiti za ijara, vyeti vya kodi ya zuio na stakabadhi za matengenezo kwa muda usiopungua miaka 5. Karatasi hizo zikiwapo, hati ya madai hujibiwa kwa hoja. Zisipokuwapo, hubakia neno la mwenye nyumba mbele ya hesabu za Mamlaka, na neno tupu halipunguzi deni.