Landis: Alidanganya dunia, kisha akaiambia ukweli

JULAI 20, 2006, milima ya Alps, Ufaransa. Watu walishamzika Floyd Landis. Siku moja kabla, kwenye mlima wa La Toussuire, miguu ilimgomea. Akapoteza jezi ya njano inayovaliwa na kinara wa Tour de France, akaporomoka hadi nafasi ya 11, zaidi ya dakika nane nyuma. Kwa hesabu za soka ni timu iliyopigwa 5-0 ugenini, mashabiki wanakwenda kwenye marudiano kukamilisha ratiba tu.

Siku hiyo jamaa aliwatoka wapinzani wake wakubwa mapema, akapanda mlima baada ya mlima, akaingia Morzine karibu dakika sita mbele ya aliyemfuata. Siku tatu baadaye alikuwa Paris, bingwa.

Sherehe haikumaliza wiki. Sampuli aliyotoa Morzine ilikutwa na homoni ya testosterone isiyo ya kawaida. Mwaka uliofuata alivuliwa ubingwa, ukaenda kwa Mhispania Oscar Pereiro.

Kama stori ingeishia hapo, Landis angekuwa mwizi mmoja aliyekamatwa, basi. Lakini miaka minne baada ya Morzine, mtu huyohuyo alikaa kwenye kompyuta akaandika barua pepe zilizomwangusha Lance Armstrong, bingwa mara saba wa mbio hizo. Tangu siku hiyo watu wanabishana: alisema kwa kusutwa na dhamiri, kwa hasira, au kwa sababu ya hela? Na jibu lolote lile, linabadilisha nini?

ALIVYODANGANYA

Anayetaka kumtetea Landis aanze na upande mbaya, maana ni mbaya kweli.

Baada ya kukamatwa hakukiri. Aliandika kitabu cha kujitetea. Akaanzisha mfuko wa kuchangiwa gharama za mawakili, na mashabiki wa kawaida wakaingia mifukoni wakiamini wanamsaidia mtu anayeonewa. Baadaye waendesha mashtaka wa Marekani walihesabu wachangiaji 1,765 na Dola 478,354.

Kuna jambo baya kuliko hela. Mwaka 2007, kesi yake ikisikilizwa California, mmoja wa mashahidi alikuwa Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour mara tatu. LeMond alikuwa amemweleza Landis kwa siri kwamba alinyanyaswa kingono utotoni, akimshauri atue mzigo kwa kusema kweli. Usiku wa kuamkia ushahidi, meneja wa Landis alimpigia LeMond simu na kumtisha kwa siri hiyohiyo. LeMond hakurudi nyuma. Alikwenda kutoa ushahidi, akaisema siri yake mwenyewe hadharani. Meneja alifukuzwa kazi, lakini siri ilikuwa imepitia kwa Landis.

Landis alishindwa kesi hiyo, akashindwa na rufaa kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo mwaka 2008.

BARUA ZA 2010

Adhabu yake ya miaka miwili iliisha mapema 2009. Timu kubwa hazikumtaka. Mwaka huohuo Armstrong, aliyekuwa amestaafu, alirudi barabarani na kupokewa kama mfalme. Wawili hawa walikula sahani moja katika timu ya US Postal kuanzia 2002 hadi 2004. Sasa mmoja yuko nje ya geti, mwingine ndani anapigiwa makofi.

Mwishoni mwa Aprili 2010 Landis akaanza kuwaandikia viongozi wa baiskeli wa Marekani. Wakati huo alikuwa kwenye timu ndogo iliyoitwa Bahati, lakini bahati haikuwepo: timu haikualikwa kwenye Tour of California, mbio kubwa za nyumbani.

Alimwaga kila kitu, akianza na yeye mwenyewe: dawa ya EPO, homoni, kuongezewa damu. Alieleza kwamba mwaka 2003 aliachiwa nyumba ya Armstrong mjini Girona, Hispania, kazi yake ikiwa kuangalia friji yenye mifuko ya damu isije ikapanda joto. Alieleza pia kuhusu Tour ya 2004, basi la timu likiwa limesimama kando ya barabara, dereva akijifanya gari limeharibika, huku ndani wachezaji wakitundikiwa damu.

Armstrong aliwajibu waandishi kwamba ni neno lao dhidi ya neno la Landis, na yeye analipenda neno lao. Ikaonekana imetosha. Nani amwamini mtu aliyeandika kitabu kizima cha uongo?

'ANA NJAA HUYO'

Shabiki wa soka anaijua hoja hii vizuri. Mchezaji akiachwa na klabu, kesho yake akaenda redioni kusema kuna mechi iliuzwa, jibu la kijiweni halichelewi: ametumwa, ana njaa, ana hasira za kuachwa. Mjadala unafungwa. Hakuna anayeuliza kama mechi iliuzwa kweli.

Na Landis alikuwa na njaa kweli. Juni 2010 alifungua kesi chini ya sheria ya Marekani inayomruhusu raia kumshtaki, kwa niaba ya serikali, mtu aliyetapeli fedha za umma, kisha naye apate mgawo. US Postal ilidhaminiwa na shirika la posta la serikali kwa takriban Dola milioni 32. Kwa sheria hiyo madai yangeweza kuzidishwa mara tatu, yakakaribia Dola milioni 100, na mgawo wa mtoa taarifa unaweza kufika robo.

Hasira alikuwa nayo, na hela aliiona mbele. Mtaani wanasema ukimwaga mboga, namwaga ugali. Yeye alimwaga sufuria zima.

Lakini sababu ya mtu kusema inakwambia tu ukague maneno yake kwa ukali kiasi gani. Haikwambii utakuta nini. Maneno ya mwenye kisasi yakaguliwe mara mbili, hata mara tatu, ila yasitupwe kabla hayajafunguliwa.

USADA, wakala wa Marekani unaopambana na dawa za kuongeza nguvu michezoni, ulifanya hivyo. Ulichukua alichokisema Landis ukaenda kuwauliza wengine. Ripoti ya Oktoba 2012 ilikuwa na zaidi ya kurasa 1,000 pamoja na viambatisho. Watu 26 walitoa ushahidi, 11 kati yao wakiwa waliowahi kuendesha timu moja na Armstrong. Yumo hata George Hincapie, aliyekuwa pembeni yake katika ushindi wote saba. Walichosema kilifanana na cha Landis: EPO, testosterone, mifuko ya damu. Armstrong alivuliwa mataji yote saba, na Januari 2013 akakiri mwenyewe mbele ya Oprah Winfrey.

Wenzake hao nao hawakuwa malaika. Walifunguka baada ya wachunguzi kubisha hodi, na waliokuwa bado wanashindana walipata adhabu nafuu ya miezi sita. Kila mmoja alikuwa na sababu zake. Landis aliwatangulia, akasema wakati Armstrong bado ana nguvu zote.

WASAFI WALISHASEMA

Wapo wanaosema ingekuwa bora angesema mtu msafi. Wasafi walishasema. Emma O'Reilly, aliyekuwa akiwachua misuli waendeshaji wa US Postal, aliyasema hadharani tangu 2004. Betsy Andreu, mke wa mwendeshaji aliyekuwa timu moja na Armstrong, alieleza kwamba mwaka 1996 hospitalini alimsikia Armstrong akiwatajia madaktari dawa alizowahi kutumia. Hawa hawakuwa na ubingwa wa kugombea. Armstrong alimburuza O'Reilly mahakamani, na wote wawili akawachafua majina.

Soka nalo lina kisa chake. Mei 1993 Jacques Glassmann, beki wa Valenciennes ya Ufaransa, alifichua kwamba wachezaji wa timu yake waliahidiwa hongo ili walegeze kamba dhidi ya Marseille, iliyokuwa inajiandaa kwa fainali ya Ulaya na AC Milan. Yeye alikataa hela. Marseille ilivuliwa ubingwa wa Ufaransa, ikashushwa daraja, na mwaka 1995 FIFA ilimpa Glassmann tuzo ya mchezo wa kiungwana. Lakini viwanjani alizomewa kana kwamba yeye ndiye aliyehonga.

Ukimzomea msafi, usishangae anayefuata kusema akiwa mchafu. FIFA yenyewe ilikuja kulipuliwa kwa msaada wa Chuck Blazer, mjumbe wa kamati yake ya utendaji, aliyewarekodi wenzake kwa siri baada ya kubanwa na wapelelezi wa Marekani kwa kukwepa kodi. Hakuna aliyemwita mtakatifu. Lakini Mei 2015 polisi waligonga milango ya hoteli ya kifahari Zurich, wakaondoka na vigogo.

HESABU YA MWISHO

Aprili 2018 Armstrong alikubali kuilipa serikali Dola milioni 5. Landis alipata Dola milioni 1.1, na mawakili wake wakalipwa milioni 1.65. Ni mbali sana na zile milioni zilizokuwa zinapigiwa hesabu. Sehemu ya hela hizo aliipeleka kwenye timu ya baiskeli iliyoanza mashindano 2019.

Kabla ya hapo, mwaka 2012, alikubaliana na waendesha mashtaka kuwarudishia wachangiaji wote 1,765 hela zao ili asishtakiwe kwa utapeli. Alifanya hivyo kwa dhamiri au kwa kuogopa jela? Kwa shabiki aliyechanga, muhimu ni kwamba hela irudi.

Na kuna kipande kimoja hakijanyooka mpaka leo. Landis alipokiri mengine yote, alishikilia kwamba testosterone ile ya Tour ya 2006 hakuitumia. Mtu huyohuyo aliyethibitika kusema kweli kuhusu Armstrong anapingwa na sampuli yake mwenyewe. Ndiyo maana maneno yake yanapimwa moja moja, hayamezwi yote wala hayatemwi yote.

Landis hatakiwi kujengewa sanamu. LeMond na wale 1,765 wana haki ya kutomsamehe. Ila siku mchezaji aliyeachwa na klabu atakapokaa mbele ya maikrofoni na kuanza kutaja majina, kijiweni kabla ya kuuliza nani kamtuma, waulize kwanza: friji iko wapi, na nani mwingine aliiona?