Kutoa ni moyo, lakini hutanguliwa na akiba

Na Mwandishi Wetu

MACHI 2019, siku chache baada ya Kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira nchini Msumbiji, Serikali ya Tanzania ilikabidhi tani 214 za mahindi na mchele pamoja na tani 24 za dawa kwa ajili ya waathirika wa Msumbiji, Malawi na Zimbabwe.

Kwa taifa lililozoea kupigwa picha likipokea misaada, tukio hilo liliwapa wananchi wengi fahari. Hata hivyo, lilizua pia swali ambalo husikika kila mara shehena inapovuka mpaka: kwa nini tutoe nje ilhali nyumbani wapo wenye shida?

Swali hilo si la kupuuzwa. Mtu ambaye mgonjwa wake ameandikiwa dawa akatakiwa kuinunua mtaani ana haki ya kuuliza. Mwandishi wa makala haya naye aliwahi kuliuliza.

Jibu la kwanza limo katika kumbukumbu zetu wenyewe. Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba mkoani Kagera, Kenya ilituletea mabati, mablanketi na magodoro. Kenya haikuwa imemaliza shida za watu wake. Ingesubiri kuzimaliza kwanza, mabati hayo yasingefika Bukoba.

Jibu la pili limo katika hesabu. Beira peke yake ina wakazi zaidi ya 500,000. Tani 214 zingegawanywa kwa mji huo tu, kila mkazi angepata chini ya nusu kilo. Ni dhahiri kwamba thamani ya msaada ule haikuwa katika wingi wake, bali katika kufika mapema, wakati mafuriko yamesomba mazao yaliyokuwa karibu kuvunwa.

Je, nchi hupataje uwezo wa kutoa kwa haraka kiasi hicho? Siri ni ghala. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula hununua nafaka wakati wa mavuno na kuihifadhi kwa ajili ya siku za upungufu na maafa, huku Bohari ya Dawa ikitunza dawa za umma. Mahindi ya msaada hayalimwi siku ya mafuriko.

Hapo ndipo raia wa kawaida anapopata funzo lake. Wengi wetu huguswa na habari za maafa, tukaahidi kutoa tutakapopata. Lakini maafa hayasubiri mwisho wa mwezi.

Mfano ulio wazi ni damu. Majeruhi anayefikishwa hospitali usiku huokolewa na damu iliyokwishatolewa na kupimwa kabla ya ajali yake. Kwa utaratibu wa hapa nchini, mwanamume mwenye afya njema anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3 na mwanamke kila baada ya miezi 4. Hapo hakuna anayeulizwa kipato chake.

Aidha, vikundi vya kufa na kuzikana vilivyoenea katika mitaa ya miji yetu hufuata kanuni hiyo hiyo. Wanachama huchanga kidogo kidogo wakati wa raha, ili msiba unapoingia kwa mmoja wao, fedha ya sanda na chakula cha waombolezaji iwe tayari.

Machi 2023, Kimbunga Freddy kilipoikumba Malawi, Tanzania ilipeleka tena msaada, ukiwamo unga wa mahindi, mahema na mablanketi. Bila shaka wapo waliouliza tena swali lile la mwaka 2019.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Shehena ya Idai inatuongezea jambo moja: moyo huo uwe na mahali unapoweka akiba. Anayejiuliza kwa nini nchi imetoa, na afungue ghala lake mwenyewe aone kuna nini kwa ajili ya jirani.