Bili ya fundi: Mashine ipi inakula faida ya nyingine?

FUNDI amefunga spana zake, amelipwa na amepanda bodaboda kurudi mjini. Bandani mashine tatu zinanguruma tena. Kwa mhazini wa kikundi imebaki karatasi moja yenye jumla moja: Sh600,000. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Katika vikundi vingi, na hata katika familia zenye mashine zaidi ya moja, jumla hiyo huandikwa kwenye daftari mstari mmoja tu: "matengenezo". Wengine husogea hatua moja mbele, wakaigawa kwa idadi ya mashine. Mashine ni tatu, basi kila moja imekula Sh200,000. Wanachama wanaridhika kwa kuwa mgawo sawa unaonekana kuwa wa haki.

Hata hivyo, mashine si wageni waliokaa kwenye sinia moja. Kila moja ina kiasi chake cha kula. Mwenye mashine asiyejua kiasi hicho anaweza kuuza inayomlisha na kubaki na inayomfilisi.

Hesabu ya kikundi cha wakulima

Chukua mfano wa kikundi cha wakulima wa mpunga katika bonde la Kilombero, mkoani Morogoro. Kikundi kina pawatila ya kulimia, pampu ya dizeli ya kumwagilia bustani za mboga wakati wa kiangazi, na mashine ya kukoboa mpunga yenye injini yake. Mashine za aina hii si ngeni vijijini. Tangu kaulimbiu ya Kilimo Kwanza ilipotangazwa mwaka 2009, pawatila zilifika kwa vikundi vya wakulima katika halmashauri nyingi nchini.

Baada ya msimu, kikundi kinamwita fundi kutoka Ifakara. Anafanya kazi saa 16 kwa siku mbili. Ufundi ni Sh160,000, yaani Sh10,000 kwa saa. Nauli na chakula chake ni Sh60,000. Oili lita sita ni Sh60,000. Vipuri vyote ni Sh320,000. Jumla inafika Sh600,000.

Msimu huo, baada ya kutoa dizeli na posho ya waendeshaji, pampu iliacha Sh180,000, pawatila Sh450,000 na mashine ya kukoboa Sh350,000. Bili ya fundi ikigawanywa sawa, pampu inaonekana imepata hasara ya Sh20,000, pawatila ina faida ya Sh250,000 na mashine ya kukoboa ina faida ya Sh150,000.

Uamuzi wa mkutano hapo haubishaniwi: pampu iuzwe. Wanachama wenye bustani za kiangazi watalalamika, lakini daftari limeshasema.

Daftari likisomwa upya

Sasa bili ile ile ifunguliwe kipengele kwa kipengele.

Vipuri ndivyo rahisi kuliko vyote, kwa sababu kila kipuri kinajulikana kimefungwa wapi. Mikanda na visu vya kulimia vya pawatila viligharimu Sh70,000. Sili na beringi ya pampu ni Sh40,000. Rola za mpira, chekecheke na beringi za mashine ya kukoboa ni Sh210,000.

Ufundi hugawanywa kwa saa. Fundi alikaa saa nne kwenye pawatila, saa mbili kwenye pampu na saa 10 kwenye mashine ya kukoboa. Hivyo ni Sh40,000, Sh20,000 na Sh100,000.

Oili hugawanywa kwa lita zilizomiminwa. Pawatila ilichukua lita mbili, pampu lita moja na injini ya kukoboa lita tatu. Hizo ni Sh20,000, Sh10,000 na Sh30,000.

Inabaki nauli na chakula. Fundi hakusafiri kwa ajili ya mashine moja, kwa hiyo gharama hii ni ya wote. Kipimo kilicho karibu na ukweli ni saa zile zile alizofanya kazi, kwa kuwa mashine iliyomkalisha siku ya pili ndiyo iliyoongeza chakula na malazi. Pawatila inabeba Sh15,000, pampu Sh7,500 na mashine ya kukoboa Sh37,500.

Ukijumlisha, pawatila imetumia Sh145,000, pampu Sh77,500 na mashine ya kukoboa Sh377,500. Jumla bado ni Sh600,000. Haijaongezeka wala kupungua hata shilingi moja, lakini habari yake imegeuka.

Pampu sasa ina faida ya Sh102,500. Pawatila ina faida ya Sh305,000. Mashine ya kukoboa, iliyokuwa ikisifiwa mkutanoni, ina hasara ya Sh27,500. Mgawo sawa uliibebesha pampu Sh122,500 zisizo zake na pawatila Sh55,000 zisizo zake, ili kuficha Sh177,500 za mashine ya kukoboa.

Hasara si amri ya kuuza

Kugundua mashine inayokula faida hakumaanishi iuzwe kesho. Swali la kwanza ni bei. Iwapo mashine ile ilikoboa kilo 20,000 msimu huo, mgawo sawa unasema matengenezo yake ni Sh10 kwa kila kilo. Hesabu sahihi inasema ni karibu Sh19. Kikundi kilichopanga bei ya kukoboa kwa kuangalia ile Sh10 kilikuwa kikiwalipia wateja bila kujua.

Nyongeza ya Sh2 kwa kilo ingeleta Sh40,000, ingefuta hasara na kubakiza Sh12,500. Kama soko halikubali nyongeza hiyo kwa sababu jirani anakoboa kwa bei ya chini, basi linafuata swali la pili: kwa nini rola na beringi zinaisha mapema? Huenda mpunga unaletwa na mchanga na mawe, au haujakauka vizuri, au rola zimebanwa kupita kiasi. Kuchekecha mpunga kabla ya kukoboa ni kazi ya dakika chache, na huenda ndiyo dawa ya hasara yote.

Maswali hayo yasingeulizwa kabisa kama daftari lingeendelea kusema mashine ya kukoboa ina faida.

Injini moja, kazi mbili

Ugumu huongezeka pale mtambo mmoja unapofanya kazi zaidi ya moja. Wakulima wengi hutumia injini ya pawatila kuzungushia pampu ya maji kwa mkanda wakati shamba halilimwi. Injini hiyo ikifanyiwa huduma, gharama ni ya nani: ya kulima au ya kumwagilia?

Jibu liko kwenye saa za kazi. Ikiwa injini ilifanya kazi saa 300, ambapo saa 180 zilikuwa za kulima na kubeba mizigo na saa 120 za kuvuta maji, basi kulima kunabeba asilimia 60 na kumwagilia asilimia 40. Huduma ya injini ya Sh90,000 inakuwa Sh54,000 kwa kulima na Sh36,000 kwa maji. Visu na matairi havigawanywi, ni vya kulima peke yake. Sili ya pampu nayo haigawanywi, ni ya maji.

Hesabu hii haihitaji mita. Penseli iliyofungwa kwa kamba kwenye nguzo ya banda inatosha, mradi kila anayewasha injini aandike saa aliyowasha, saa aliyozima na kazi aliyofanya.

Aidha, yapo matengenezo yanayodumu zaidi ya msimu mmoja. Injini ikifunguliwa yote na kufungwa upya kwa Sh800,000, na ikitarajiwa kufanya kazi misimu minne kabla ya kuhitaji tengenezo kama hilo, si haki kuubebesha msimu mmoja mzigo wote. Kila msimu ubebe Sh200,000 katika hesabu ya faida. Fedha taslimu ni jambo jingine. Sh800,000 zimetoka zote, na daftari la fedha lazima lionyeshe hivyo. Kuchanganya hesabu hizi mbili kumewafanya wengi wauze mashine nzima mara tu baada ya kuitengeneza vizuri.

Kompyuta haikisii

Mashamba makubwa na viwanda hutumia programu za kompyuta kwa kazi hii. Kila tengenezo hupewa kadi ya kazi yenye namba. Kwenye kadi huorodheshwa mitambo iliyoguswa, vipuri vilivyotoka stoo na saa za mafundi, kisha programu hugawa gharama kwa kila mtambo.

Vikundi vinavyofikiria kununua programu ya namna hiyo, au kutengeneza jedwali kwenye simu, vikumbuke jambo moja. Programu hugawa kwa kanuni iliyopewa. Ikielekezwa kugawa sawa, itagawa sawa, na itatoa karatasi safi yenye makosa yale yale ya mhazini. Haijui kuwa fundi alikaa saa 10 kwenye mashine moja mpaka mtu aliyekuwepo aandike.

Kwa hiyo kazi huanza bandani. Daftari la kawaida lenye safu sita linatosha: tarehe, jina la mashine, kazi iliyofanyika, bei ya vipuri, saa za fundi, na saa au kilo ambazo mashine imefanya tangu tengenezo lililopita. Kila mashine iwe na ukurasa wake. Vitu vidogo kama grisi, vitambaa na boliti moja moja visipotezewe muda. Vikusanywe pamoja na kugawanywa kwa saa za fundi kama nauli. Hesabu inayochukua siku nzima kutafuta wapi pa kuandika Sh500 nayo ni hasara.

Kipimo kikishakubaliwa, kiandikwe kwenye muhtasari wa mkutano na kisibadilishwe katikati ya msimu. Ndani ya kikundi kila mashine ina wapenzi wake. Wenye bustani wanaipenda pampu, wenye mpunga mwingi wanaipenda mashine ya kukoboa. Kila upande utatafuta kipimo kinachoibeba mashine yake, na kipimo kinachobadilika kila mkutano huzaa ugomvi kuliko hata kutokuwa na kipimo.

Wafanyabiashara wa madukani hupenda kubandika ukutani msemo kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa mwenye mashine kadhaa, hata daftari lililopo linaweza kuipoteza mali kama limeandikwa jumla tu.

Kinga yake ni nyepesi, na wakati wake ni kabla fundi hajalipwa. Mhazini ampe kalamu na kumwomba aandike bili yake mashine kwa mashine: hapa nilifunga nini, na hapa nilikaa saa ngapi. Siku hiyo fundi anakumbuka kila kitu. Wiki mbili baadaye, mkutano unapokaa kuamua mashine ipi iuzwe, hakuna atakayekumbuka.