Moshi wa Agosti, Mawingu ya Januari

Anga la Katanga hufungwa mara mbili kwa mwaka. Kuanzia Novemba hadi Machi hufungwa na mvua: mawingu hujengeka mchana, radi hufuata, na vilima vilivyokuwa wazi saa nne asubuhi havionekani tena saa tisa. Mvua zikikatika, nyasi hukauka, pori huchomwa, na kufikia Agosti moshi umetanda kiasi kwamba rubani huiona ardhi iliyo chini ya miguu yake lakini haoni kilicho mbele. Ndege ndogo inayotoka Luano, uwanja wa Lubumbashi ulio karibu mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kwenda Kolwezi ulio karibu mita 1,500, hupita eneo la Likasi na Kakanda, nchi ya milima na mashimo ya shaba na kobalti. Kwenye ramani ni safari fupi, lakini anga likifungwa vilima hivyo havionekani. Ndiyo maana nasema kwamba kwa rubani binafsi wa huku, kibali cha kuruka kwa vyombo si pambo la kuongeza kwenye leseni. Leseni isiyo na kibali hicho, katika anga hili, ni leseni ya miezi michache tu ya mwaka.

Leseni ya kawaida humruhusu mtu kuruka kwa kuona: macho yake ndiyo yanayomwambia kama mabawa yamelala sawa, kwa kuyalinganisha na mstari ambapo ardhi hukutana na mbingu. Mstari huo ukipotea, mwili hushika usukani, na mwili ni shahidi mbaya. Mifereji ya sikio la ndani hutambua mzunguko unapoanza, si unapoendelea. Ndege ikipinda kwa mwendo ule ule kwa sekunde ishirini hivi, maji ya mifereji hiyo hutulia na rubani huamini kwamba anakwenda moja kwa moja. Akiirekebisha ndege, sikio humwambia kwamba sasa ndipo anapopinda upande wa pili, basi huirudisha kwenye kosa lile la kwanza. Pua ya ndege huanza kushuka, kasi hupanda, naye huvuta usukani akidhani anapanda, kumbe anaukaza mzunguko tu. Mafunzo ya vyombo, ukiondoa mengine yote, ni mazoezi ya kukataa kulisikiliza sikio hilo na kuamini upeo wa bandia, kipima mwinuko na kipima kasi vilivyo mbele yako.

Ushahidi wa jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 wasio na ujuzi wa vyombo wakawaziba wasione nje. Wote 20 walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Hazifiki dakika tatu. Lakini wanaomtajia kila mwanafunzi takwimu hiyo kwa kawaida huacha nusu ya pili ya utafiti, nayo ndiyo inayonipinga: marubani wale wale walipofundishwa kwa saa chache namna ya kugeuza ndege kwa utulivu na kurudi walikotoka, karibu wote waliweza. Mtu anaweza basi kuuliza, kwa nini nitafute kibali kizima ikiwa somo dogo la kurudi nyuma linatosha? Linatosha pale ambapo nyuma bado kunaonekana na rubani ameamua kugeuka papo hapo. Katika moshi wa Agosti hakuna ukuta unaouona ukakwepa. Upeo hufifia kidogo kidogo, na unapotambua kwamba umepotea, nyuma nako ni kweupe kama maziwa. Kilichobaki ni kujua kusonga mbele bila kuona hadi uwanja wenye kukupokea.

Hapo huja pingamizi la watu wa migodi, nalo lina uzito. Viwanja vingi vya ndani havina mnara wala redio ya kumwongoza rubani gizani, na mji kama Kakanda haukujengwa kwa ajili ya ndege. Hata mwenye kibali, mwishoni lazima aione njia ya kutua kwa macho yake. Ni kweli, ila pingamizi hilo linatazama mwisho wa safari tu, wakati mtego wa Illinois humnasa mtu njiani. Mwenye kibali akikuta mwisho umefungwa huweza kupanda juu ya urefu salama wa milima, kuzungumza na waongozaji, na kwenda Lubumbashi au hata Ndola. Asiye nacho hushuka chini ya mawingu akitafuta barabara ya Likasi na Kolwezi aifuate, na huko chini ndiko vilima viliko. Simu yenye ramani haimsaidii sana: itamwonyesha yuko juu ya kijiji gani, lakini haitamnyanyulia bawa. Mtambo unaoirusha ndege wenyewe ni msaada wa kweli, nakubali, mradi anayeuwasha anajua kuusoma unapokosea.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba kibali humpa mtu ujasiri wa kwenda alipopaswa kubaki. Tarehe 10 Juni 2024 ndege ya jeshi la Malawi iliyombeba Makamu wa Rais Saulos Chilima kutoka Lilongwe ilishindwa kutua Mzuzu kwa sababu ya ukungu, ikaambiwa irudi, ikaanguka katika msitu wa Chikangawa na kuwaua wote tisa. Marubani wake walikuwa wanajeshi, si wanafunzi. Nakubali kwamba kibali hakizuii kifo. Lakini hoja ya ujasiri inadhani asiye na kibali hubaki nyumbani, na sivyo ilivyo. John F. Kennedy Mdogo, mwana wa rais wa Marekani wa jina hilo, hakuwa nacho ndege yake ilipoanguka Julai 1999. Aliondoka jioni yenye ukungu hata hivyo, na wachunguzi walisema alipoteza mwelekeo juu ya bahari yenye giza.

Gharama ni kubwa, sitaificha. Kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga zinataka saa 50 za safari za mbali ukiwa rubani mkuu na saa 40 za mafunzo ya vyombo, ingawa sehemu ya hizo yaweza kufanyika ardhini kwenye mashine ya kuigiza ndege, ambako petroli hailiwi. Rubani binafsi hupimwa pia usikivu kwa kiwango cha marubani wa kulipwa. Ni sharti la haki, maana ndani ya wingu sauti ya mwongozaji inaweza kuwa uzi wa pekee. Sikio linalosikia hupimwa kwa ukali, na lile linalodanganya hufundishwa kupuuzwa. Ninachoona hakitiliwi mkazo wa kutosha ni muda wa uhai wa ujuzi huu. Marekani humtaka mwenye kibali awe ametekeleza utaratibu wa kukaribia uwanja kwa vyombo mara sita ndani ya miezi sita, la sivyo asiruke kwa vyombo; Ulaya hukihuisha kila mwaka kwa mtihani. Kwa rubani wa Katanga anayejizoeza Mei, anga likiwa wazi, miezi sita huishia Novemba, mvua zinapoanza.