Kutoka Hisabati hadi Elimu ya Jenomu

Jenomu ni jumla ya maagizo ya urithi yaliyomo katika chembe hai ya kiumbe. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, na kwa binadamu herufi hizo zafika kiasi cha milioni elfu tatu. Fungu la herufi lenye agizo lake huitwa jeni. Hudhaniwa mara nyingi kwamba aingiaye katika elimu hii hana budi awe amefundwa elimu ya viumbe tangu mwanzo. Habari za Bibi Mary-Claire King wa Marekani zaonyesha kwamba sivyo.

Bibi King, aliyezaliwa mwaka 1946, alisoma hisabati katika Chuo cha Carleton, kisha akaenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kujifunza takwimu. Huko alihudhuria masomo ya Profesa Curt Stern juu ya urithi, akaona kwamba mafumbo yake hufumbuliwa kwa hesabu, akabadili elimu. Lakini majaribio yake ya maabara hayakufaulu. Akaacha masomo kwa muda, akafanya kazi na Ralph Nader ya kuchunguza madhara ya dawa za wadudu kwa vibarua wa mashamba, na ilikuwa karibu autupe utafiti kabisa. Profesa Allan Wilson ndiye aliyemshawishi arudi, akampa kazi ya kulinganisha protini za binadamu na za sokwe.

Kila alipopima, tofauti zilikuwa chache mno, hata ikaonekana kana kwamba ameshindwa tena. Kumbe uchache huo ndio uliokuwa jibu. Alipata shahada ya udaktari mwaka 1973, na mwaka 1975 yeye na Wilson walieleza katika jarida la Science kwamba protini hizo zafanana kwa zaidi ya asilimia 99. Basi tofauti kubwa za umbo na mwenendo, walisema, hutokana zaidi na jinsi jeni zinavyoamrishwa kutenda kazi: lini, wapi, na kwa kiasi gani. Ndivyo msamiati mmoja uwezavyo kuzaa utenzi au hati ya deni, kwa kupangwa tu.

Hesabu haikumtupa. Mwaka 1990, kwa kuchunguza koo zenye saratani ya matiti, alithibitisha kwamba jeni moja ya ugonjwa huo imo katika kromosomu ya 17. Jeni hiyo, BRCA1, ilipatikana na watafiti wengine mwaka 1994, na tangu hapo mwanamke wa ukoo wenye ugonjwa huo aweza kupimwa kabla haujamfika.