Leseni ya Udereva Inapovuka Mpaka

Katika daraja la Rusumo, mahali ambapo mto Kagera unazitenga Tanzania na Rwanda, kuna badiliko linalotukia mchana na usiku. Dereva wa lori aliyetoka Dar es Salaam akishika upande wa kushoto wa barabara hulazimika, mara aingiapo Rwanda, kushika upande wa kulia. Lori ni lile lile, usukani ni ule ule, na leseni iliyo mfukoni mwake ni ile ile. Kilichobadilika ni sheria. Je, leseni iliyotolewa na serikali moja ina nguvu gani mbele ya askari wa serikali nyingine?

Kwa mtu asiyevuka mpaka swali hili huonekana dogo. Kwa mwalimu, muuguzi au fundi aliyehamia nchi jirani kutafuta riziki, si dogo hata kidogo, kwani bila leseni inayokubaliwa hawezi kufika kazini wala kumpeleka mgonjwa hospitali usiku. Wala si dogo kwa askari wa usalama barabarani anayelisimamisha gari lake. Askari asiyeijua sheria hufanya moja kati ya mawili: ama humwachia mtu ambaye hana haki ya kuendesha, ama humsumbua mwenye haki. Yote mawili ni makosa, na yote mawili hufungua mlango wa rushwa.

Kwanza ni lazima ifahamike leseni ni kitu gani. Leseni ni ushahidi wa serikali kwamba mtu fulani amejaribiwa na kuonekana anaweza kuendesha aina fulani ya gari bila kuhatarisha maisha ya wenzake. Serikali nyingine inapoikubali leseni hiyo, inakubali neno la serikali iliyoitoa. Kwa sababu hiyo mataifa yamelazimika kuwekeana mikataba. Mkataba wa Geneva ulitiwa sahihi mwaka 1949, na ule wa Vienna mwaka 1968. Katika nchi jirani, Rwanda na Uganda zilijiunga na ule wa Geneva katika miaka ya 1960, ilhali Kongo ilijiunga na ule wa Vienna mwaka 1977 na Kenya mwaka 2009.

Mikataba hii ina msingi mmoja ambao wahenga wa Kiswahili waliujua zamani waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Mgeni apitaye huheshimiwa na leseni yake ya nyumbani. Mtu aliyehamia hutakiwa kuingia katika utaratibu wa wenyeji. Mkataba wa Geneva unasema wazi kwamba nchi hailazimiki kuendelea kumpa dereva wa kigeni manufaa ya mkataba akiwa amekaa humo mfululizo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Ule wa Vienna nao unairuhusu nchi kukataa kuitambua leseni ya mtu aliyehamishia makazi yake ya kawaida katika ardhi yake. Ndani ya mipaka hiyo kila nchi hujiwekea muda wake, na nchi nyingi huuhesabu kwa miezi badala ya mwaka mzima.

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Mtu huhamia nchi jirani, huendesha gari miezi ya kwanza bila kuulizwa, kisha huamini kwamba kimya cha askari ni kibali. Siku anapopata ajali ndipo anapotambua kwamba muda wake ulikwisha zamani. Kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa kwa hoja kwamba dereva hakuwa na leseni halali, na aliyeumizwa hubaki na maumivu yake bila fidia. Kwa hiyo jambo hili halimhusu mgeni peke yake. Linamhusu pia mwenyeji anayetembea kando ya barabara.

Wengine hujikwaa katika kile kitabu kiitwacho leseni ya kimataifa. Wapo wanaodhani kwamba aliye nacho anaweza kuendesha popote duniani na kwa muda wowote. Sivyo. Kitabu hicho kimsingi ni tafsiri ya leseni ya nyumbani katika lugha kadhaa, ili askari asiyeijua lugha ya mgeni aweze kuisoma. Hutolewa na nchi ya dereva mwenyewe, ama kwa mkono wa serikali au kwa chama cha wenye magari kilichoidhinishwa. Kile cha mkataba wa 1949 hudumu mwaka mmoja. Kile cha 1968 hakizidi miaka mitatu, wala hakiwezi kuishi zaidi ya leseni iliyokizaa. Askari anayeonyeshwa kitabu hicho na aombe pia leseni yenyewe ya nyumbani. Tafsiri isiyo na maandishi yake ya asili haina uzito.

Sasa uangaliwe upande wa yule anayetaka kutii sheria. Uchukuliwe mfano wa muuguzi kutoka Kenya aliyepata kazi Kigali. Anakwenda kubadili leseni. Huenda akaambiwa alete kwanza kibali cha ukaazi, nacho bado kiko katika ofisi ya uhamiaji. Akikipata, ataombwa barua kutoka kwa mamlaka iliyotoa leseni yake, kuthibitisha kwamba si ya kughushi. Barua hiyo iko Nairobi, naye yuko Kigali. Ikifika, huenda likaonekana jina lililoandikwa kwa namna moja katika pasipoti na kwa namna nyingine katika leseni. Muda wa mgeni unaendelea kuhesabiwa wakati yeye yuko katika foleni. Mtu wa namna hii si mhalifu. Amekwama kati ya ofisi mbili, na kila moja inaingojea nyingine.

Ugumu huu una sababu zake, na si haki kuuita wote ukaidi wa makarani. Leseni za kughushi zipo, na nchi inayompa mgeni leseni bila uchunguzi inaweza kuwa inamwachia barabara mtu ambaye hakuwahi kujaribiwa popote. Zaidi ya hayo, kila nchi imeiweka kazi hii katika mikono tofauti. Nchini Kenya inasimamiwa na mamlaka ya usafiri na usalama iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2012. Nchini Rwanda ni polisi wanaojaribu madereva na kutoa leseni. Nchini Tanzania polisi hujaribu dereva, na mamlaka ya mapato hutoa kadi. Ofisa wa nchi moja anayetaka kuthibitisha leseni ya nchi nyingine mara nyingi hajui hata mlango wa kubisha.

Iko pia sababu ya barabara zenyewe. Miongoni mwa nchi nane zinazopakana na Tanzania kwa nchi kavu au kwa maziwa, tano huendesha kushoto: Kenya, Uganda, Zambia, Malawi na Msumbiji. Tatu huendesha kulia: Rwanda, Burundi na Kongo. Dereva aliyezoea kuuzunguka mzunguko wa barabara, ule ambao wengi huuita kipilefti, kwa kuingia mkono wa kushoto, atakuta mambo yamegeuka. Jicho lililozoea kutazama kulia kabla ya kuingia barabarani lazima lifundishwe kutazama kushoto. Mazoea ya miaka ishirini hayafutwi na mhuri wa mpakani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ililiona jambo hili tangu mwanzo. Mkataba wake, uliotiwa sahihi mwaka 1999, unazitaka nchi wanachama katika ibara ya 90 kuoanisha sheria zao za barabarani na masharti yao ya leseni. Mwaka 2010 Soko la Pamoja lilianza, likiwapa wafanyakazi haki ya kuvuka mipaka kwa utaratibu uliokubaliwa. Lakini mfanyakazi anayeruhusiwa kufanya kazi akakwamishwa barabarani amepewa nusu ya haki. Jumuiya ya kwanza ilivunjika mwaka 1977, na miongoni mwa mafunzo yake ni kwamba umoja hauishi kwa mikutano ya wakuu peke yake. Huishi, au hufa, katika dirisha la ofisi na katika kizuizi cha barabarani.

Hapo ndipo wajibu wa askari unapoonekana. Askari anapomsimamisha dereva wa kigeni hana haja ya kuijua mikataba yote kwa kichwa. Anahitaji kujua mambo machache tu. Je, leseni haijaisha muda? Je, picha ni ya mtu huyu? Je, daraja la leseni linalingana na gari analoendesha? Je, mtu huyu ni mpita njia au mkaazi, na kama ni mkaazi, amekaa muda gani? Pasipoti na kibali cha ukaazi vitalijibu swali la mwisho bila ugomvi wowote.

Askari na ajue pia mpaka wa madaraka yake. Chini ya mkataba wa Vienna, nchi inaweza kumnyima dereva wa kigeni aliyevunja sheria haki ya kuitumia leseni yake katika ardhi yake. Inaweza kuizuia leseni hiyo hadi adhabu ikome au hadi mwenyewe aondoke nchini, lolote litakalotangulia, na kuijulisha mamlaka iliyoitoa. Haiwezi kuifuta, kwa kuwa haikuitoa. Maana yake ni kwamba kuzuia leseni ni hatua ya kisheria, yenye kumbukumbu na mwisho unaojulikana. Leseni inayotiwa mfukoni mwa askari ili mwenyewe "aje aongee" si adhabu bali ni rehani, na rehani ya namna hiyo ni rushwa iliyovaa sare.

Wanajeshi nao wanalo la kujifunza, kwa kuwa wao wenyewe huwa wageni. Mwaka 2013 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha kikosi maalumu huko mashariki mwa Kongo, nao askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi wakakiunda. Nchi zote tatu huendesha kushoto, na Kongo huendesha kulia. Dereva wa kijeshi, hata awe hodari kiasi gani kwao, hutakiwa katika misheni za Umoja wa Mataifa kuwa na kibali cha udereva cha misheni yenyewe, baada ya kuonyesha leseni yake na kujaribiwa. Hakuna askari anayepaswa kuliona jambo hilo kuwa dharau. Raia wa Goma anayevuka barabara hakuja kuchagua kati ya risasi za waasi na gurudumu la mlinzi wake.

Aliyewahi kusimama katika foleni ya kibali ugenini ndiye anayejua vizuri jinsi ya kumtendea mgeni nyumbani. Sheria ya leseni haikutungwa ili kuwatenga majirani, bali kuhakikisha kwamba kila anayeshika usukani, awe mwenyeji au mgeni, anaweza kuaminiwa na mtoto anayevuka barabara. Mgeni na atimize masharti mapema, kabla siku zake hazijakwisha. Ofisi na zijibu barua za ofisi jirani bila kungoja kusukumwa. Na askari wa kizuizini na aitazame leseni ya jirani kwa jicho lile lile ambalo angependa leseni yake itazamwe nalo, siku atakapokuwa ng'ambo ya mto.